Nyaraka za programu za kampuni zilizofungwa nyuma ya akaunti: tupeane uzoefu

Wakuu, leseni imelipiwa, mfumo uko hewani, kisha usiku wa manane linatokea kosa. Unatafuta maana yake, unapata ukurasa wenye kichwa cha habari, mistari miwili na kitufe cha kuingia. Kila anayejua bidhaa fulani aseme: kipi kimefungwa, ufunguo anao nani, na kipi kiko wazi ambacho wengi hawakigusi. Visa virefu tuviache, tuweke hatua.

Naanza na hifadhidata ya Oracle. Miongozo yenyewe iko wazi kwenye docs.oracle.com, huhitaji akaunti. Kilichofungwa ni makala za utatuzi za My Oracle Support (tovuti yao ya msaada kwa wateja), pamoja na viraka (marekebisho ya programu). Akaunti ya bure haikufikishi huko, lazima iunganishwe na CSI, yaani namba ya mkataba wenu wa msaada, na anayeidhinisha ni msimamizi wa ndani ya kampuni yenu, cheo chake kinaitwa CUA. Wengi hukwama hapa: CUA alishaacha kazi, na ombi linabaki bila wa kuliidhinisha. Wekeni CUA wawili, na mmoja awe mtu wa zamu.

Kabla ya kufika huko, kwenye seva ya Linux yenye hifadhidata hiyo andika `oerr ora 1555` (1555 ni namba ya kosa). Inakupa sababu na hatua ya kuchukua bila hata intaneti. Kwa ORA-00600 haitoshi, maana hilo ni kosa la ndani na kinachotambulisha tatizo ni hoja ya kwanza ndani ya mabano ya mraba. Nakili hoja zote, kisha tumia `adrci`, zana ya Oracle ya uchunguzi, kufungasha faili za tukio (`ips pack incident`) ili mwenye akaunti akipatikana asianze upya.

hifadhidata_na_zamu: Naongezea kwa upande wa SAP, mfumo wa kuendeshea shughuli za kampuni. help.sap.com iko wazi, lakini SAP Notes (makala za makosa na marekebisho yake) zinadai S-user, yaani akaunti ya mteja wa SAP. Tena kuwa na S-user peke yake si mwisho wa safari. Msimamizi mkuu wa akaunti upande wa mteja ndiye anayegawa ruhusa, na mara nyingi mtu anapewa S-user bila ruhusa anayoihitaji, halafu anadhani mlango umefungwa na SAP.

Ndani ya mfumo kuna mengi. Bonyeza F1 kwenye sehemu husika, fungua taarifa za kiufundi. Ujumbe wa kosa una darasa na namba, mfano F5 702. Peleka hizo SE91 (msimbo wa skrini ya ujumbe wa mfumo) usome maelezo marefu kama yapo. Na Note ambayo mwenzako alishaipakua kwa SNOTE (skrini ya kuingiza Notes) inasomeka humohumo kwenye mfumo.

mzizi_wa_seva: Red Hat, watengenezaji wa Linux ya kampuni: miongozo ya bidhaa iko wazi. Makala nyingi za utatuzi zinakuonyesha tatizo na mazingira yake, ila suluhisho limefichwa. Kuna usajili wa bure wa msanidi binafsi, unaoruhusu hadi mifumo 16, na unafungua makala hizo. Soma masharti yake kwanza, umetolewa kwa mtu binafsi, hauchukui nafasi ya mkataba wa kampuni.

Kwenye mashine yenyewe, `rpm -qd jina` inaorodhesha nyaraka zilizokuja na kifurushi, na `rpm -q --changelog jina` inaonyesha marekebisho, CVE (namba za udhaifu wa kiusalama) zikiwemo. Jambo linalowachanganya wengi: ndani ya kontena (container) kurasa za `man`, yaani miongozo ya amri, mara nyingi hazipo kabisa. Hazikufungwa na mtu, taswira (image) nyingi za kontena zimewekewa `tsflags=nodocs` kwenye /etc/dnf/dnf.conf. Zirudishe kwa `dnf reinstall --setopt=tsflags='' jina`, na hakikisha programu ya `man` yenyewe imesakinishwa.

mtunza_nyaraka: Hata mwenye ufunguo hana uhakika wa kesho. Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, Novemba 2023, na mwaka uliofuata huduma za msaada zikahamia kwenye tovuti yake. Viungo vingi vya zamani vilivyokuwa kwenye taratibu za kazi za watu vikawa havina faida. Kiungo kitupu si kumbukumbu. Unapokuwa na ruhusa, hifadhi makala kama PDF, andika namba yake, toleo la programu na tarehe uliyoisoma, na kwenye utaratibu wenu andika amri yenyewe. Nakala zibaki ndani ya kampuni, masharti mengi hayaruhusu kuzisambaza nje.

Na tafadhali, akaunti moja ya kushirikiana watu sita inakatika siku mbaya kuliko zote: msimbo wa uthibitisho unakwenda kwenye simu moja, na simu hiyo imezimwa.

manunuzi_makini: Mkuu, haya yote yanatakiwa kudaiwa kabla ya sahihi. Ulizeni ni akaunti ngapi za watu kwa majina yao, kama wakandarasi wanaruhusiwa kusoma, na nini kinabaki kusomeka muda wa msaada ukiisha. Daini mwongozo kamili wa toleo mnalonunua, pamoja na wa API (njia ya programu nyingine kuzungumza na mfumo), mkabidhiwe kama faili. Wakati wa majaribio, chukueni makosa matatu halisi kutoka kwenye kumbukumbu za mfumo, mjaribu kuyafuatilia hadi kwenye suluhisho kwa akaunti ya kiwango mtakacholipia. Msitumie ile ya muuzaji, yake inafungua kila kitu.