Naomba ushauri: kioo cha mbele cha Swift Sport ZC31S

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa mwenye uzoefu. Nina Suzuki Swift Sport ya 2008 (modeli ZC31S), jiwe la lori lilinipiga kioo cha mbele barabara ya Morogoro likaacha kinyota kidogo upande wa dereva, sasa ufa umetambaa kutoka kwenye waipa hadi karibu na kioo cha ndani cha kutazama nyuma, na jua la mchana likiwaka ndo unazidi kukimbia. Fundi wa kujaza ufa kakataa, anasema umeshakuwa mrefu mno, kibadilishwe tu.

Nimezunguka maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, cha Sport sijapata, wote wananipa cha Swift ya kawaida ZC71S wanadai ni kilekile. Halafu fundi mmoja anataka kubandika kwa silikoni na niondoke na gari hapohapo, hapo ndo nimeogopa kwa kweli maana kioo hiki kinasaidia kushikilia bodi na eabegi ya abiria ikifyatuka inakiegemea.

Je, kuna aliyefunga cha ZC71S kwenye ZC31S kikakaa sawasawa bila kuvujisha maji? Na gundi yenyewe ya vioo, ile ya poliyurethani, gari lilale masaa mangapi kabla sijaliwasha? Natanguliza shukrani.