Wiki ya kabla ya hedhi nakula mpaka naona aibu, wenzangu mnafanyaje?

FundiMwanjelwa: Habari za jioni wapendwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya. Wiki moja kabla ya kuingia kwenye siku zangu, tumbo langu halishibi. Nimetoka kunywa chai sasa hivi, muuza maandazi akipita namwita. Mchana chips, jioni wali wa Kyela sahani imejaa, na usiku naenda kukwangua ukoko. Damu ikianza, hamu inakatika kabisa, naishi kwa chai ya rangi. Mama mkwe ameshaanza kunitazama tumbo na kuuliza kama kuna habari njema. Nikijinyima asubuhi, jioni nalipiza. Huu ni ugonjwa, homoni au ulafi?

Mwakayuni: Mwambie mama mkwe habari njema ni kwamba ukoko umeisha.

BintiMufindi: Kamwene dada. Mimi hiyo wiki siijaribu kwa njaa. Asubuhi napiga kiporo cha kande na parachichi, au viazi vya kuchemsha na maharage, halafu ndiyo naenda kazini. Maandazi yakipita nakula moja kwa raha zangu, si matano kwa hasira. Ukianza siku na chai ya sukari peke yake, saa nne huna ujanja.

Kijana_wa_Uyole: Homoni, homoni! Mama zetu walilima mahindi mwezi mzima, hatukusikia habari za hamu ya chips.

NesiMstaafu: Mwanangu, mama yako alikuwa akikuambia mambo ya hedhi yake? Basi tulia.

Dada, huo si ulafi. Siku za mwanzo za mzunguko, estrojeni ikiwa inapanda kuelekea yai kutoka, wanawake wengi hula kidogo bila hata kujua. Yai likishatoka, projesteroni inachukua zamu. Joto la mwili hupanda kidogo, kama nusu nyuzi hivi, na mwili unaweza kutumia nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida. Ndiyo maana unatamani wanga na vitamu. Hedhi ikikaribia homoni zote mbili zinashuka, na hapo hata moyo unakuwa mwepesi kuudhika. Usishangae nguo kubana, mwili huzuia maji, na chumvi ya chips inazidisha. Damu ikianza, kemikali zinazokaza mfuko wa uzazi zinaweza kuvuruga na tumbo la chakula, ndiyo hiyo hamu kukatika.

Aliyosema binti wa Mufindi ni sawa, ongeza tu yai au dagaa. Ila hiyo chai ya rangi ndiyo inanisumbua. Najua sisi watu wa Tukuyu chai tunaikamua mpaka iwe nyeusi, lakini ukiinywa pamoja na mlo inazuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini, na wewe unapoteza damu kila mwezi. Iache ipishane na chakula kama saa moja. Kwenye mlo weka chungwa, pera au kachumbari yenye limao. Siku usizoweza kula, kunywa hata uji wa ulezi wenye maziwa, kidogo kidogo.

Nikuulize: damu inatoka nyingi? Na kuna kitu kisicho chakula unachokitamani?

FundiMwanjelwa: Asante sana mama, shikamoo. Damu siku ya pili ni nyingi, nabadilisha pedi karibu kila saa. Na udongo wa pemba natafuna, sikutaka kuandika hapa. Mchele mbichi pia, lakini huo ni mwezi mzima, si wiki ile tu.

NesiMstaafu: Marahaba. Basi hilo ni jambo jingine. Njaa ya wiki moja ni mzunguko wako. Hamu ya udongo na mchele mbichi ya mwezi mzima, pamoja na damu nyingi hivyo, mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, na udongo wenyewe unazidi kuzuia madini ya chuma, tena unaweza kukuletea minyoo. Nenda kituo cha afya wapime wingi wa damu, na uwaambie kuhusu pedi kama ulivyotuambia sisi. Vidonge vya chuma usinunue kwa kubahatisha dukani kabla hujapimwa.

BintiMufindi: Hata mimi pemba niliiacha baada ya kupimwa na kupewa dawa. Hamu ilikatika yenyewe, sikuhitaji kupigana nayo.

FundiMwanjelwa: Nitaenda Jumatatu. Na mama mkwe nimjibuje?

Mwakayuni: Mpe chungwa.