Naomba ushauri: IBS (tatizo la utumbo linaloleta maumivu, gesi na choo kisicho cha kawaida), mchuzi bila vitunguu na kurudisha maharage

Wakuu, habari zenu. Wiki 4 za kuondoa vyakula kwa mlo wa FODMAP ndogo (FODMAP ni sukari na wanga ambazo utumbo haufyonzi vizuri, zikachacha na kuleta gesi), ule wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, zimeisha. Gesi imepungua, wali, ugali wa sembe, samaki na karoti vinakaa vizuri tumboni.

Tatizo ni mchuzi. Sukari za kitunguu maji na saumu huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo hata ukiopoa vipande mwishoni, rojo limeshazibeba. Kwenye mafuta haziyeyuki: saumu inakaangwa kwa moto mdogo mpaka iwe kahawia, inatolewa yote, ndipo nyanya na maji viingie. Majani ya kijani ya kitunguu yanafaa, sehemu nyeupe hapana. Mnaongeza nini kingine ili mchuzi usipooze?

Sasa ni zamu ya kurudisha vyakula, kundi moja kwa siku 3, kiasi kikipanda kila siku. Maharage yanalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa, yanachemshwa kwa maji mapya. Siku ya kwanza mlianza na vijiko vingapi? Na tumbo likijaa, mlipumzika siku ngapi kabla ya kujaribu maziwa?