Afisa uvuvi kutoka nchi isiyo na bahari: je, shahada ya uzamili ya uongozi wa bahari itanifaa?

Mpima Samaki aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijajaza fomu yoyote. Mimi ni afisa uvuvi katika wilaya mojawapo ya Uganda inayopakana na Ziwa Victoria, na huu ni mwaka wangu wa saba kazini. Shahada yangu ya kwanza ni ya sayansi ya uvuvi. Asubuhi nyingi huwa mwaloni na ubao wa kupimia, na kwa kuwa sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, mabishano hayaishi. Juzi kijana mmoja alimlaza sangara wake kwenye ubao, akaona kipimo kimegota kwenye 47, akamshika mkia na kuuvuta polepole huku ananitazama usoni, kana kwamba samaki angerefuka kwa heshima yangu. Nilicheka, lakini tangu siku hiyo najiuliza ni nani aliyekaa wapi akaamua kuwa ni 50, na kwa nini mvuvi huyu hakuwapo.

Nimeona kwamba vyuo kadhaa vya ng'ambo hufundisha uzamili katika uongozi wa bahari na usimamizi wa rasilimali zake: sheria, sera, uchumi wa buluu (yaani shughuli za kiuchumi zinazotegemea bahari), mipango ya matumizi ya bahari, mazungumzo baina ya mataifa. Mambo hayo ndiyo ninayoyataka. Tatizo ni kwamba Uganda haina hata hatua moja ya pwani. Nilipomweleza baba yangu mdogo, aliniuliza kama nitakaporudi nitapangiwa kituo Mombasa. Naomba walio na uzoefu waniambie kwa uwazi: je, masomo haya yana maana kwa Mganda, na kama yanayo, niyatafute wapi?

Abiria wa Bahari Kavu alijibu:

Ndugu Mpima Samaki, mimi ni Mganda na nilisoma kozi ya namna hiyo Ulaya, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona. Wiki ya kwanza mhadhiri alitandaza mezani ramani ya mabaharia ya magharibi ya Bahari ya Hindi, akamtaka kila mwanafunzi aweke kidole alikotoka. Mkenya akaweka Kilifi, wa Shelisheli akaweka Mahé. Mimi nikaweka kidole mahali peupe, kwa sababu ramani za namna ile hujaa vina vya maji na minara ya taa, lakini nchi kavu ya ndani huachwa bila kitu. Darasa lilicheka. Mhadhiri hakucheka, alisema kwamba mwenye kidole kwenye weupe ndiye atakayeisoma sheria ya bahari kwa makini kuliko wote, kwa kuwa hana kitu kingine cha kushika.

Aliyosema ni kweli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982, ukaanza kutumika mwaka 1994, na Uganda ilikuwa imeuridhia tangu 1990. Sehemu yake ya kumi yote, kuanzia kifungu cha 124 hadi cha 132, inahusu nchi kama yetu: haki ya kuifikia bahari na kurudi, na uhuru wa kupitisha mizigo katika nchi jirani. Kifungu cha 90 kinaipa kila nchi, yenye pwani na isiyo na pwani, haki ya kuwa na meli zinazopeperusha bendera yake katika bahari kuu, na ndiyo maana Uswisi na Ethiopia zimekuwa na meli za biashara baharini. Kifungu cha 69 kinakwenda mbali zaidi. Kinasema kwamba nchi isiyo na bahari ina haki ya kushiriki, kwa usawa, katika kuvua sehemu ya ziada ya samaki ambao nchi ya pwani ya kanda hiyohiyo haiwezi kuwavua wote katika eneo lake la kiuchumi, linalofika maili 200 za baharini kutoka pwani. Lakini haki hiyo haitekelezeki mpaka nchi zikae na kukubaliana masharti, na hapo ndipo anapohitajika mtu aliyesoma. Waganda wengi niliowauliza, wakiwamo wanasheria, hawakuwa wamewahi kukisikia kifungu hicho.

Kuhusu vyuo, kuwa mwangalifu, maana majina ya kozi hufanana na yaliyomo hayafanani. Nyingine ni biolojia ya bahari iliyovalishwa neno "usimamizi", nazo zitakutaka uzamie kwenye matumbawe. Unayoyataka wewe ni upande wa utawala na sera. Chuo Kikuu cha Dunia cha Masuala ya Bahari kilichopo Malmö, Uswidi, kilichoanzishwa mwaka 1983 na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, kina mkondo wa utawala na usimamizi endelevu wa bahari ndani ya shahada yake ya uzamili. Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax, Kanada, kina shahada ya usimamizi wa bahari inayomtaka mwanafunzi afanye mafunzo kazini katika taasisi fulani kabla ya kumaliza, na kwa mtu uliyekwisha kufanya kazi hilo ni jambo zuri.

Mzee wa Masese alijibu:

Mwanangu, mimi nitasema tofauti, na usiniwie vibaya. Nimekaa Jinja miaka mingi nikifanya kazi ya samaki, na nimewaona vijana wakirudi na vyeti vya bahari. Wanazungumza habari za mikondo ya bahari na jodari, kisha wanapelekwa ofisi ya Kampala kuandika ripoti, na mwaloni hawaonekani tena. Ziwa letu halina kupwa na kujaa. Lina sangara aliyeletwa na binadamu miaka ya hamsini na sitini, lina dagaa, lina magugu maji, na lina mbolea na maji machafu yanayoingia kutoka mashambani na mijini. Elimu ya maji baridi ndiyo inayopungua. Kituo cha taifa cha utafiti wa uvuvi kiko hapahapa Jinja, Makerere iko umbali wa saa mbili tatu, msongamano ukiruhusu, na mtu anaweza kupata uzamili bila kuiacha familia.

Kama lazima utoke, fikiria mafunzo ya uvuvi ya Aisilandi, yaliyoanza mwaka 1998 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na ambayo sasa yako chini ya mwavuli wa UNESCO. Ni ya miezi sita, Waganda wamekwisha kuyahudhuria, na mshiriki humaliza kwa kufanya mradi unaohusu kazi ya nyumbani kwake. Hayakupi shahada, lakini unarudi kabla watu hawajakusahau.

Mpima Samaki alijibu:

Mzee wangu, nashukuru sana na nimekusikia. Nadhani sikujieleza vizuri. Elimu ya samaki mwenyewe ninayo kiasi. Kinachonisumbua ni kwamba wavuvi wa mwalo wangu hukamatwa kwa kuvuka mpaka ambao majini hauonekani, halafu sisi maafisa wa pande mbili tunapigiana simu usiku kuombana nyavu na injini, kila mmoja akiwa na sheria yake mkononi. Nimehudhuria mikutano miwili ya kujadili jambo hilo, na yote miwili nilikaa kimya kwa sababu sikujua hoja ya kisheria huanzia wapi.

Wakili wa Mpakani alijibu:

Basi, ndugu, umekwisha kulijibu swali lako mwenyewe, ingawa Mzee wa Masese ana haki katika jambo moja ambalo nitalirudia.

Ziwa Victoria limegawanywa kati ya nchi tatu: Tanzania ina takriban asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, liliundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 kwa sababu samaki hajui mpaka. Mkataba wa bahari wa 1982 hauligusi ziwa hili, lakini maswali ni ndugu: nani ana haki ya kuvua, mpaka unachorwaje juu ya maji, nani hukagua nani. Anayejua jinsi Somalia na Kenya zilivyobishana kuhusu mpaka wao wa baharini hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa hukumu tarehe 12 Oktoba 2021, hawezi kukaa kimya katika kikao cha ziwani. Na kwa wanaosema kwamba Waganda hawana lao baharini, miongoni mwa majaji waliosikiliza kesi hiyo alikuwamo Mganda, Jaji Julia Sebutinde.

Tena bahari inatufuata hata tukiikimbia. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima kwenda Chongoleani, karibu na Tanga, urefu wa kilomita 1,443, na mafuta yetu yatapakiwa melini katika pwani ambayo ina hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale ambaye wanasayansi waliwahi kudhani alikwisha kutoweka. Mafuta yakimwagika pale, mvuvi wa Tanga hatauliza kama Uganda ina pwani. Vilevile mkataba mpya wa kulinda viumbe wa bahari kuu, uliopitishwa Juni 2023, umeanza kutumika Januari 2026, na unahusu pia kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, yaani chembe za urithi za viumbe, zinazopatikana nje ya mipaka ya nchi yoyote. Hayo ni mali ya nchi zisizo na bahari pia, mradi wapo wanaojua kuyadai.

Sasa neno la Mzee. Aliyeenda kusoma bahari akaandika tasnifu kuhusu matumbawe ya Karibiani amejipoteza. Nenda na swali la nyumbani na ulitaje tangu kwenye barua ya maombi. Kwa fedha, ufadhili wa Chevening wa Uingereza humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, ambao unao, na humtaka arudi kwao kwa miaka miwili baada ya masomo. Usiidharau pia Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar tangu 1978. Inaelemea zaidi upande wa sayansi, lakini utawahoji wavuvi wa Unguja kwa Kiswahili bila mkalimani, jambo ambalo Mjerumani au Mmarekani atalionea wivu. Jambo la mwisho: omba ruhusa ya masomo kwa maandishi mapema, na usome mkataba wa kurudi kazini kabla ya kuusaini. Namjua mtu aliyepewa ruhusa ya mdomo, akarudi na shahada yake na kukuta nafasi imejazwa.

Abiria wa Bahari Kavu alijibu:

Naongeza dogo tu. Ukianza kuandika barua yako ya maombi, usifungue kwa "Tangu utotoni nimeipenda bahari." Wanaosoma maombi huisoma sentensi hiyo mara mia kwa siku.

Mpima Samaki alijibu:

Ssebo (bwana), umenikamata. Ndivyo rasimu yangu inavyoanza, na bahari nimeiona mara moja tu, Mombasa, nikiwa na miaka ishirini na minne. Nimeifuta sasa hivi, na mahali pake nimemweka yule kijana na mkia wa sangara. Mzee wa Masese, ukiniruhusu, wiki ijayo nitakuja Jinja nikuoneshe rasimu. Barua ya ruhusa nimeianza leo.