Hospitali ya umma ikipewa rungu lake yenyewe, mgonjwa anapata nini?

Mleta mada

Wakuu, kila bajeti ya afya ikikaribia tunasikia hoja ileile: hospitali za umma zipewe mamlaka kamili, zikusanye, zitumie, ziajiri na kufukuza, ndipo huduma itanyooka. Mimi sikubaliani nayo. Uhuru wa nusunusu tulionao umezifundisha hospitali kukusanya kuliko kutibu.

Tazameni Muhimbili, hospitali ya taifa ya Tanzania. Kwa sheria ya mwaka 2000 ina bodi yake na mkurugenzi mtendaji wake, haisubiri halmashauri yoyote. Lakini Novemba 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Rais Magufuli alizuru ghafla akakuta wagonjwa wamelala chini, na mashine za CT-scan na MRI ni mbovu. Akavunja bodi, akamweka Profesa Lawrence Museru akaimu ukurugenzi. Mashine zikafufuliwa ndani ya muda mfupi. Sasa, kama bodi ilikuwa na mamlaka, mashine zilikaaje mbovu? Na kama haikuwa nayo, ilivunjwa kwa kosa gani?

Mfamasia wa kituo cha afya

Mkuu, umechagua mfano wa ghorofani. Shuka huku kwetu.

Kabla ya mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilikuwa zinaishia halmashauri. Unaomba glavu, unaletewa mashuka. Tangu zianze kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anakaa na kamati ya usimamizi, ambayo ina wananchi ndani yake, wanapanga wenyewe. Dawa bado tunaanzia Bohari ya Dawa ya serikali. Ikijibu haina, ndipo tunaruhusiwa kwenda kwa mshitiri wa mkoa, msambazaji binafsi mwenye mkataba. Juzi juzi oksitosini, dawa ya kuzuia mama kutokwa damu baada ya kujifungua, ilibaki ya kuhesabu, na wodi ya wazazi imejaa. Bohari wakajibu hawana, kamati ikakutana jioni hiyohiyo kwenye chumba cha chanjo, muhtasari ukasainiwa, na ndani ya wiki boksi likafika. Zamani tungekuwa tunamwandikia mume wa mjamzito akanunue duka la nje. Huo uhuru mdogo unaoudharau ndio unaookoa watu huku.

Mchangiaji kutoka Kenya

Sisi tumeyaona yote mawili. Baada ya ugatuzi wa 2013, kaunti nyingi zilichukua mapato ya hospitali zikayaweka kwenye hazina ya kaunti. Hospitali inakusanya pesa asubuhi, jioni haina ya dizeli ya jenereta. Ndiyo sababu ikaja sheria ya 2023 inayoruhusu hospitali kubaki na inachokusanya. Mimi naiunga mkono, ila ukimwambia msimamizi ajitegemee, atamgeukia mgonjwa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni shirika la serikali tangu 1987, na kilio cha wagonjwa na maiti kuzuiliwa kwa sababu ya bili hakijaisha hadi leo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, kwenye kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani, hospitali ya uzazi ya Nairobi, kwamba kuwashikilia kwa deni ni kuvunja haki zao.

Mchangiaji mwingine

Ndugu yangu, hapo umejifunga goli. Pumwani wakati huo ilikuwa chini ya baraza la jiji, uhuru iliupata wapi? Kumbe hata hospitali isiyo na mamlaka inazuia mgonjwa.

Muuguzi, Uingereza

Nichomekee kidogo tu. Huku hospitali ya Mid Staffordshire ilipewa hadhi ya kujiendesha mwaka 2008, wakati wagonjwa wanateseka wodini. Uchunguzi wa Robert Francis, uliotoka 2013, ulionyesha uongozi uliwekeza akili kwenye hesabu na kwenye kuipata hiyo hadhi, huku wauguzi wakipunguzwa. Vitabu vya fedha vinaweza kupendeza na bado mgonjwa akakosa wa kumpa maji.

Mleta mada

Mfamasia, la oksitosini nakupa, sina ubishi. Lakini sera inasema mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee asiye na uwezo watibiwe bure. Bure ya nani? Hakuna anayeirudishia hospitali gharama hiyo, inatoka kwenye makusanyo yaleyale unayoyasifia. Mfawidhi akipimwa kwa mapato atampenda nani: mwenye kadi ya bima, au bibi wa msamaha, anayetibiwa bila kulipa? Tusidanganyane. Halafu watumishi si wake. Ajira inatoka TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri, na muuguzi mtoro sugu anaandikiwa barua kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, majibu yanakuja mtu ameshahama. Tumempa mfawidhi lawama zote na mamlaka robo.

Mfamasia wa kituo cha afya

Kwenye msamaha tupo pamoja. Ila rungu la kuajiri usilishushe kituoni, kaka. Mwezi wa kwanza tu shemeji wa diwani atakuwa maabara anasoma darubini. Mimi ningeanzia kwenye fidia: wa msamaha tunawaingiza kwenye mfumo kila siku, jina kwa jina, na huduma aliyopata kila mmoja. Serikali ichukue orodha hiyo kila robo mwaka, ikilipe kituo. Mfawidhi akishajua kwamba yule bibi naye analipiwa, hana sababu ya kumzungusha.