Kozi za chuo za mtandaoni: je, fundi wa kawaida anaweza kuzitegemea?

Swali: Ndugu zangu, mimi ni fundi umeme ninayesoma usiku baada ya kazi. Je, kozi za bure za vyuo vikuu vya Marekani zinaweza kunifikisha mbali?

Jibu: Ubora wa masomo hauna shaka, ila kumaliza ndiko kugumu. Kozi ya saketi na elektroniki iliyotolewa na MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mwaka 2012 iliandikisha watu wapatao 155,000, na waliofaulu walikuwa takriban 7,000 tu. Ingawa, tuseme haki, profesa mmoja angehitaji miaka mingi darasani kuwafundisha hao 7,000.

Jibu: Naongezea kwamba ubure wenyewe una mipaka, kwani mara nyingi video hutazamwa bila malipo ilhali cheti hulipiwa. Tena mhadhiri hawezi kusahihisha kazi za maelfu, hivyo insha hupitiwa na wanafunzi wenzako; yangu mmoja aliiandikia neno moja tu, "Vizuri", kisha akanipa nusu ya alama.

Muulizaji: Ahsanteni. Na bando je?

Jibu: Pakua video usiku, bando likiwa nafuu, uzitazame baadaye bila intaneti. Mazoezi ya kupima umeme yafanyie karakanani, maana saketi ya kwenye skrini haimrushi mtu shoti.