Mjadala: Nani amtetee mzabuni mdogo baada ya kushinda tenda?

Ndugu zangu, naileta hoja hii tuijadili kwa uwazi. Naamini Kenya inahitaji ombudsman wa zabuni, yaani ofisi huru ya kuchunguza malalamiko ya wazabuni, na kazi yake kubwa iwe baada ya mkataba wa tenda kutiwa saini, si kabla.

Kabla ya hapo mlango upo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inampa mzabuni aliyeonewa siku 14 kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Rufaa, nayo Bodi ina siku 21 za kuamua. Gharama ya wakili ni mzigo, lakini angalau kuna mtu wa kukusikiliza.

Sasa mchukulie mama mwenye cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kuwapa makundi maalumu nafasi za zabuni, anayegombea ile asilimia 30 ya zabuni zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Amepata tenda ya madawati ya chekechea za kaunti. LPO, hati rasmi ya kuagiza bidhaa, anayo, benki amekopa, madawati yamefika na kupokewa kwa sahihi. Kisha kimya. Ofisi ya ununuzi inamtuma kwa watu wa fedha, wa fedha wanasema faili halijarudi. Bodi ya Rufaa haimfai, maana yeye hapingi tenda, aliishinda. Akienda mahakamani na kushinda, sheria ya kesi dhidi ya serikali kwa miaka mingi imekinga mali ya serikali isipigwe mnada, hivyo inambidi arudi kuomba amri nyingine ya kumlazimisha ofisa alipe. Wakati huo riba inapanda na shamba liko rehani. Hili linaniuma, kwa sababu tuliwaambia watu hawa serikali ndiye mteja wa kuaminika.

Wengine watasema Tume ya Haki za Utawala, ambayo ndiyo Ombudsman wetu tangu 2011, inatosha. Naiheshimu. Lakini inapokea kila aina ya lalamiko, kuanzia pensheni hadi vitambulisho, na tangu 2016 imebeba pia haki ya kupata habari. Isitoshe, inachotoa ni mapendekezo.

Kanada nayo ofisi yake ya ombudsman wa ununuzi, iliyofunguliwa 2008, haitoi amri. Tofauti ni kwamba inashughulikia ununuzi tu, inapokea malalamiko ya jinsi mkataba unavyotekelezwa, na inaweza kuziketisha pande mbili zipatane bila kwenda kortini. Ripoti yake ya kila mwaka inafika Bungeni.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba kuna madai hewa, yaani watu wanaodai malipo ya kazi ambayo hawakuifanya. Ni kweli yapo. Mwaka 2023 serikali iliunda kamati chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ikague madeni ambayo serikali inadaiwa ya kuanzia 2005 hadi 2022, na madai mengi yalikataliwa kwa kukosa stakabadhi. Lakini hebu tufikirie: deni la 2006 utalithibitishaje leo? Mhandisi aliyekagua kazi amestaafu, mtunza ghala amehamishwa, daftari la mapokezi halipo. Lalamiko likichunguzwa miezi mitatu baada ya ankara, mwongo anajulikana mapema na mkweli halipii dhambi za mwongo. Wala uchunguzi huo hausimamishi mradi wowote, tofauti na rufaa ya tenda inayosimamisha utiaji saini wa mkataba.

Ningependa pia ofisi hiyo ichapishe jina la kila taasisi iliyokataa pendekezo pamoja na sababu yake.

Ninalolitafakari bado ni mahali pa kuiweka: ndani ya tume iliyopo, au isimame peke yake ikiripoti Bungeni? Mimi naegemea la pili, kwa kuwa mara nyingi kaunti husema fedha zimechelewa Hazina, na mchunguzi lazima aweze kuiuliza Hazina pia. Mliofanya kazi katika idara za fedha za kaunti, faili hukwama wapi hasa, na ofisi kama hii ingelifikia?